Hesabu Zisizosomwa Msibani

Mama akifariki kabla mtoto wake hajatimiza miaka 15, mtoto huyo ukubwani atakuwa mfupi kwa sentimita 2 kuliko kimo ambacho angefikia, na atakuwa amekosa mwaka mmoja wa shule. Ndivyo walivyoandika wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon mwaka 2010 katika jarida la Demography. Watoto waliopimwa si wa nchi ya mbali, ni wa Kagera. Walikuwa 718, wazazi wao wote wakiwa hai, walipoandikwa mara ya kwanza kati ya 1991 na 1994. Walipotafutwa tena mwaka 2004, karibu mmoja katika kila watano alikuwa amefiwa na baba, au mama, au wote wawili, kabla ya kufikia miaka 15. Kwa waliofiwa na mama wachumi wakaongeza hesabu ya tatu: pengo la asilimia 8.5 katika matumizi yao ya maisha, ukiwalinganisha na wenzao ambao mama aliwavusha utoto.

Wapo wazee huku Nyaishozi, wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, ambao ukiwasomea maneno hayo watakuuliza ulilelewa na nani. Kifo cha mama unakipima kwa rula? Mimi nimeyasoma zaidi ya mara moja, na kila nikiyasoma naona hakuna sifa ya marehemu niliyowahi kuisikia kaburini ikampa mama heshima kubwa kuliko hiyo. Risala ya msiba husema mama hana mbadala. Halafu jioni ileile wanaukoo hukaa wakagawana watoto kana kwamba mbadala umepatikana: huyu aende kwa shangazi, yule kwa bibi, mkubwa abaki na baba achunge mbuzi. Hufanya hivyo kwa moyo safi kabisa, na sentimita 2 ndizo zinazotuambia kwamba moyo safi haukutosha. Ilikuwapo kazi fulani ambayo hakuna aliyeiona mpaka mwenye kuifanya alipoondoka: kuamka usiku mtoto akikohoa, kujua kwamba huyu hali maharage yaliyolala, kumfunikia chakula aliyechelewa kutoka shule. Kwa kuwa haikulipwa, haikuandikwa popote. Wachumi waliikuta imeandikwa katika mifupa ya watoto.

Kwa hiyo sitaanza kwa kulalamika kwamba wachumi wanaingilia yasiyowahusu. Malalamiko hayo ni rahisi, na kwa mkoa huu yamechelewa.

Utafiti wenyewe ulizaliwa na msiba. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kuripotiwa Tanzania walipatikana Kagera mwaka 1983, wakati ambapo watu walikuwa wakiuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyokuwa yakivushwa kutoka Uganda. Mwaka 1991 Benki ya Dunia na chuo cha tiba cha Muhimbili wakaanza kupita katika kaya zaidi ya 900 za mkoa mzima, Karagwe ikiwemo, na Karagwe ya siku hizo ilikuwa bado inaibeba Kyerwa, iliyokuja kuwa wilaya mwaka 2012. Walitaka kujua kifo cha mtu mzima kinaifanya nini kaya. Wakauliza kila kitu: mmekula nini, nani analala hapa na nani amehama, mgonjwa alitibiwa kwa shilingi ngapi, jeneza lilinunuliwa kwa kiasi gani, mtoto ameshinda wapi jana, shuleni au shambani. Mwaka 2004 na 2010 wakawafuata tena watu walewale, hata waliokuwa wamehamia Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo ya mpaka. Ndiyo maana mkoa ambao Watanzania wengi wanaujua kwa ndizi, senene na utani juu ya Wahaya na Kiingereza chao (sisi Wanyambo wa Karagwe hutiwa humohumo bila kuulizwa) una familia ambazo wachumi wa dunia wamezisoma kwa karibu kuliko nyingi za bara hili.

Mlango huo wa kuingilia nyumbani kwa watu ulifunguliwa na Gary Becker wa Chicago. Mwaka 1960 aliandika juu ya uzazi akiwachambua watoto kwa kanuni zilezile za vitu vya kudumu ambavyo familia hununua. Mwaka 1968 akaandika juu ya uhalifu. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia siku alipochelewa kwenda kumtahini mwanafunzi, akajikuta anapima gharama ya kuegesha gari mahali halali dhidi ya uwezekano wa kukamatwa na kupigwa faini. Mwaka 1981 akatoa kitabu kizima kuhusu familia: nani anamwoa nani, kwa nini wanaachana, kwa nini wazazi huwekeza kwa mtoto huyu kuliko yule. Wenzake wengi walicheka. Mwaka 1992 alipewa Tuzo ya Nobel, na kicheko kikapungua.

Kinachonivutia ni kwamba miaka michache kabla ya makala ya uhalifu, mtu wetu alikuwa ametembea barabara hiyohiyo akielekea upande wa pili. Julius Nyerere, aliyesoma Edinburgh na uchumi ukiwa miongoni mwa masomo yake, aliandika mwaka 1962 kwamba msingi wa ujamaa wa Kiafrika ni familia: jinsi ndugu wanavyoishi nyumbani ndivyo taifa zima liishi. Becker aliichukua kanuni ya soko akaipeleka chumbani. Nyerere aliichukua kanuni ya chumbani akaipeleka sokoni. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba anajua kinachoendelea ndani ya nyumba. Na katika andiko lile Nyerere hakukwepa mahesabu, kwani alikumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata ukarimu ulikuwa na kalenda.

Nikiruhusiwa kuwahukumu wakubwa hao wawili nitasema hivi. Familia ya huku kwetu inahesabu, tena kwa makini, hadi sahani na siku. Lakini ina sheria kali kuhusu hesabu ipi inasomwa kwa sauti na ipi haisomwi. Mwenye kuileta hadharani ile isiyosomwa hachukiwi kwa sababu amekosea kujumlisha.

Nenda kwenye msiba wowote katika vijiji vya kata yetu. Chini ya migomba, pembeni ya turubai, utamkuta katibu na daftari lake la kaunta. Anaandika jina, na mbele yake 2,000 au 5,000, mkungu wa ndizi, maharage, kuni, gunia la mkaa kutoka kwa mwenye duka. Mwisho taarifa ya rambirambi inasomwa mbele ya watu wote, jina kwa jina, na hakuna anayeona aibu ila yule ambaye jina lake halikutajwa. Chama cha kufa na kuzikana kina katiba, ada na faini kwa asiyefika. Dercon na De Weerdt, pamoja na wenzao, waliviandika vyama vya aina hii vya Tanzania na vya Ethiopia kwa pamoja mwaka 2006, wakaonyesha kwamba ni bima hasa: uanachama uliobainishwa, michango iliyopangwa, adhabu zilizokubaliwa na malipo yanayojulikana kabla ya kifo. Ng'ambo ya Mto Kagera, katika Ankole na Kigezi, vikundi vya engozi vilianza kwa kubebana kwa machela kwenda hospitali, na vingi sasa huweka na kukopeshana fedha. Mtu anayedai kwamba Mwafrika wa kijijini hajui bima, hajawahi kufiwa kijijini.

Hiyo ni hesabu inayosomwa. Ipo nyingine. Mama mwenye nyumba anajua bila daftari kwamba jirani wa juu alileta 5,000 alipofiwa yeye. Zamu yake ikifika hataleta 5,000 kamili isipokuwa wamegombana, maana kulipa sawasawa ni kufunga hesabu. Ataleta 4,000 na mkungu, au 6,000, kitu kisicholingana, ili abaki anadai kidogo au anadaiwa kidogo. Ujirani unaishi katika hiyo tofauti. Mchumi ataiita kupeana kwa zamu, naye hakosei. Ila jaribu kusimama msibani ukamsomea mama huyo tofauti yake.

Mwaka 2000 De Weerdt alifanya karibu jambo hilo. Alichagua kijiji cha Nyakatoke, upande wa Bukoba, chenye kaya 119, akawauliza watu wazima wa kila kaya wamtaje mtu wanayeweza kumtegemea kwa msaada wa fedha, vitu au kazi, au anayeweza kuwategemea wao. Kijiji kizima kikachorwa kama wavu, na wavu huo umechambuliwa na wasomi wa mabara kadhaa ambao hawajawahi kufika huko. Mengi yaliyoonekana ungeyatarajia: watu husaidiana kwa undugu, kwa ukaribu wa nyumba, kwa ukoo na kwa dini. Jambo moja si la kufurahisha na linafaa kukumbukwa kila tunapousifu udugu wetu kwenye majukwaa: wavu wa masikini ni mwembamba kuliko wa mwenye uwezo. Asiye na kitu ndiye mwenye watu wachache wa kuwakimbilia. Akiugua mtu, chakula cha nyumbani hakiyumbi sana. Yasiyo chakula ndiyo huyumba.

Lakini kilichoniacha nikiwaza ni kingine. Mara nyingi A alimtaja B kuwa tegemeo lake, na B alipoulizwa hakumtaja A. Wachumi waliumia kichwa na jambo hilo kwa miaka. Marekebisho gani ya takwimu yafanyike? Nani kasahau, nani kajipendekeza? Kwangu mimi hapo ndipo Nyakatoke ilipowajibu wachumi kweli. B hakusahau. Kumtaja A mbele ya karani ni kukiri deni, na deni likishakiriwa mbele ya mtu wa tatu linageuka kuwa ahadi. A naye kwa kumtaja B alikuwa anaomba mapema.

Miaka mingi baadaye De Weerdt, Garance Genicot na Alice Mesnard walirudi kwenye takwimu za Kagera wakaangalia kama ndugu wanajua mali za ndugu zao. Wakakuta wanakosea sana: huyu anadhani kaka ana mifugo asiyokuwa nayo, yule hajui kwamba dada amenunua kiwanja. Makala yao inazungumzia upungufu wa taarifa. Nyumbani kwetu hatuna upungufu wa taarifa, umbea upo wa kutosha. Tunao ufundi wa kujificha, na ufundi huo hufundishwa. Mtoto wa Karagwe anajua mapema kwamba mgeni akiuliza "baba yako ana ng'ombe wangapi?" jibu si namba.

Hapo ndipo lazima nizungumzie kahawa, kwa kuwa huku hakuna fikra ya uchumi isiyopita kwenye mibuni.

Kahawa ilikuwa kitu cha heshima kabla haijawa zao la fedha. Ilichemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa, ikatafunwa, na mgeni akikaribia mlango alitolewa buni kabla hajaulizwa shida yake. Waliotaka kuchanjiana udugu walitumia tunda moja lenye buni mbili: kila mmoja akala buni iliyopakwa damu ya mwenzake, na tangu hapo mtoto wa huyu hawezi kumnyima mtoto wa yule. Kisha utawala wa Wajerumani na baada yao Waingereza wakaifanya kahawa kuwa kodi, ada ya shule na bati la nyumba. Tunda ni lilelile, na mpaka leo linabeba mambo yote mawili, la kupewa bila bei na la kuuzwa kwa bei.

Kati ya hayo mawili ndipo ilipokaa butura. Msomaji wa mbali aelezwe: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua au tunda bichi mtini. Mkulima anapewa fedha leo, mnunuzi atakuja msimu ukifika achukue mavuno. Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi, wakuu wa wilaya za Karagwe na Kyerwa hawaachi kuikemea mikutanoni, na sababu yao ni nzito. Tuseme gunia litakalokuwa na thamani ya 200,000 mwezi wa Julai linauzwa 100,000 mwezi wa Januari. Mchumi ataandika pembeni kwamba hiyo ni riba ya asilimia 100 kwa nusu mwaka, na atakuwa sahihi. Mkutano wa hadhara utamwita mkulima huyo mjinga.

Ujinga uko wapi? Januari huku ndiyo mwezi wa ada, sare, daftari, na mara nyingi homa. Mwenye mibuni 300 anaweza kufanya nini? Chama cha msingi cha ushirika hulipa kahawa ikishafika. Benki itataka hati. Ndugu wapo. Kaka yake mkubwa yuko mtaa wa pili na ana fedha za mahindi aliyouza. Angemkopesha bila riba hata senti. Mchumi akiona hivyo lazima ashangae: fedha za bure zipo umbali wa kutembea kwa miguu, na mtu anakwenda kulipa asilimia 100 kwa mfanyabiashara wa pikipiki.

Lakini za bure si za bure. Ukimwendea kaka utaanza na shikamoo, utaketi, utaulizwa watoto, utaulizwa kwa nini mwaka jana hukupalilia, utaambiwa shemeji yako anapenda nguo. Utapewa. Na kuanzia siku ile kaka ana kauli katika nyumba yako: binti asiende sekondari ya mbali, yule ng'ombe usimuuze, arusi ya mwanangu utatoa ngapi. Deni lake halina tarehe ya mwisho kwa sababu halina kiasi. Wa butura hakuulizi kitu. Anahesabu mibuni, anatoa fedha, anakwambia "tutaonana msimu, mzee," anawasha pikipiki. Mkulima amelipa 100,000 ya ziada, na sehemu ya malipo hayo imenunua bidhaa ambayo hakuna chama cha ushirika kinachoiuza, nayo ni kutopiga magoti.

Siiombei butura leseni. Nimewaona wajane waliouza misimu miwili mbele mpaka kibanja, yaani shamba la nyumbani, kikawa chao kwa jina tu, na yupo mnunuzi anayejua kabisa mtoto wa nani anaumwa na hupita siku hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba ukiihesabu riba bila kuihesabu aibu utaandika sheria ndogo ambayo kila mtu ataivunja usiku. Tangu mwaka 2018, serikali ilipoelekeza kahawa yote ipitie vyama vya msingi, na hata baadaye minada ilipoanza kusomwa kwenye simu, bei imekuwa jambo la hadharani kuliko wakati wowote. Butura imebaki, kwa sababu haikuwa tatizo la bei peke yake.

Wala kulipa ili kuwakwepa ndugu si jambo letu peke yetu. Magharibi mwa Kenya, Pamela Jakiela na Owen Ozier waliwapa watu fedha katika mchezo wa majaribio, wakakuta kwamba wanawake waliokuwa na jamaa zao mahali pale walichagua njia yenye faida ndogo ili mradi fedha isionekane. Makala yao ya 2016 ina jina linalomtania Becker, ambaye aliwahi kueleza jinsi mtoto mkorofi anavyoweza kulazimika kuwa mwema kwa sababu ya anachopewa na mzazi; wao wakauliza kuhusu jamaa wakorofi. Kule Cameroon, Jean-Marie Baland na wenzake walikuta mwaka 2011 wanachama wa ushirika wa akiba wakikopa, kwa riba, huku wana akiba ya kutosha. Walikopa ili waweze kusema "sina, nadaiwa." Walilipia umasikini wa kuigiza. Huko chuoni hilo ni fumbo. Huku ni mbinu ambayo kila mwenye mshahara wa ualimu ameshaifikiria mwisho wa mwezi.

Göran Hydén, Mswidi aliyeichunguza siasa ya vijiji vya mkoa huu miaka ya 1960 ulipokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, aliandika mwaka 1980 kwamba mkulima wa Tanzania hajanaswa, si na dola wala na soko, kwa kuwa ana uchumi wake wa mapenzi na undugu wa kumkinga. Aliona vizuri ila aliona kwa upole. Hakusema sana kuhusu wanaoukimbia uchumi huo wa mapenzi, na kwa miguu. Katika watu waliofuatiliwa Kagera kuanzia 1991 mpaka 2004, ukuaji wa matumizi ya maisha wa waliohama uliwazidi waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Kwa tofauti kubwa namna hiyo swali linageuka. Badala ya kuuliza kwa nini wanaondoka, mtu anauliza kwa nini hawakuondoka wote. Wachumi wenyewe walijiuliza, wakataja mambo ya nyumbani yanayomshika mtu: nafasi yake katika familia, uhusiano wake na mkuu wa kaya, nani aliye mkubwa na nani ni mdogo. Yaani yale ambayo Becker aliyafanyia hesabu na Nyerere akayafanyia hotuba.

Walioondoka hawakuondoka kabisa. Wamo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na hapo mambo yamegeuka kwa namna ambayo sijui kama kuna mchumi ameshaiandika. Daftari la msiba limehamia kwenye simu. Kila jina lina namba mbele yake na alama ya vema, na kwa asiyetoa kuna sifuri inayoonwa na watu 140 mchana kutwa. Hesabu iliyokuwa ikisomwa mara moja chini ya migomba sasa inasomwa kila inapoongezwa, na aliye Dar es Salaam anaona kwamba binamu wa Mwanza ametoa 50,000 saa tatu asubuhi, kwa hiyo yeye hawezi kutoa 20,000 saa nne. Michango imepanda. Mahudhurio yameshuka.

Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliona kitu kinachofanana na hiki Israeli, wakakiandika mwaka 2000. Shule za watoto wadogo za Haifa ziliweka faini kwa wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto, na wazazi wakazidi kuchelewa. Zamani walikuwa wakimkosea mwalimu. Sasa walikuwa wakimlipa. Faini ilipofutwa, hawakurudi kwenye mwenendo wa awali. Vyama vyetu vya mazishi vilikuwa na faini miaka yote na watu waliendelea kuja, kwa sababu faini ilikuwa ndogo na anayetozwa alionekana anatozwa. Aliyehama akiwa kilomita zaidi ya 1,000 kutoka hapa, hakuna anayeuona uso wake. Anatuma, anaandika "poleni sana wapendwa," anarudi kazini. Amenunua ruhusa ya kutokuja, kwa bei nzuri.

Sasa kaburi linachimbwa na nani? Katika ukoo wetu swali hili lilifika kwenye kundi baada ya vijana waliobaki kulalamika kwamba ni walewale kila mara, na wengine wao sasa wana miaka 50. Kijana mmoja aliyeko Arusha, mhasibu, akapendekeza kwa nia njema kwamba wachimbaji walipwe 20,000 kila mmoja kutoka mfuko wa ukoo. Alitoa hoja zote ambazo Becker angezitoa: siku ya mtu ina thamani, wanaochimba ndio wenye kipato kidogo, na sisi tulio mbali tunaila nguvu yao bure. Hakuna aliyeweza kumjibu. Kundi likanyamaza siku nzima.

Kesho yake baba mkubwa wetu, ambaye haandiki, akatuma ujumbe wa sauti. Alianza kwa kuwasalimu watoto wa kila mmoja, kama kawaida yake, kisha akasema: "Wanangu, hoja ya kijana ni ya kweli, hao wanaumia. Wapeni hiyo hela. Lakini isiandikwe kwamba ni ya kuchimba, wala isisomwe. Siku ikisomwa, wa kwanza kuomba 30,000 atakuwa amepata haki, na mimi nitazikwa kwa mnada."

Mweka hazina, mama mmoja mkali wa Omurushaka, akauliza ataipachika fungu gani, maana wanachama wanadai taarifa ya kila shilingi. Yakatajwa usafiri, vifaa, dharura. Mwisho ikapita "chai." Tangu wakati huo kila taarifa ya msiba ina mstari wa chai ya 100,000, mahali ambapo chai yenyewe, sukari ikiwemo, haijawahi kuzidi 30,000. Mhasibu wa Arusha huipitisha bila kuuliza swali.